Nafasi ya Kijiti cha Kiberiti

Mwanangu Limi,

Mwadila. Najua barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Saa hizi uko Lalago kwa bibi yako unaaga, na bila shaka amekukalisha kwenye kigoda anakujazia michembe ya viazi kwenye mfuko, hata kama umemwambia begi limejaa. Baba yako amepeleka ng'ombe kunywa maji. Nyumba iko kimya. Nimekaa jikoni, maharage yako motoni, nimechukua daftari lako la zamani lenye kurasa zilizobaki nyuma. Usinicheke mwandiko. Niliishia darasa la nne, na tangu hapo kalamu na mimi tunakutana kwa nadra. Na mkono wenyewe umechoka. Tangu juzi tunang'oa mashina ya pamba, leo asubuhi tumeyachoma, nikikunja vidole vinagoma.

Nilitaka kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu. Jana ulipokuwa unakunja nguo nilikuja mlangoni nikasema, "Limi." Ukasema, "Abee mama." Nikasema, "Sweta umechukua?" Sikuwa nimeletwa na sweta.

Jambo lenyewe ni hilo tunalovutana nalo tangu ulipopata nafasi ya chuo: mimi kupanda basi na wewe kesho, nikakae Tabora kwa mama yako mdogo Holo mpaka nione umezoea. Wewe unataka kwenda peke yako. Mimi nilishasema nakwenda, na begi langu umeliona nyuma ya mlango. Nitakuambia nilichoamua. Lakini niache nizunguke kidogo, maana nikisema moja kwa moja nitalia humu kwenye maharage.

Sitakuandikia habari ya maji ya kunywa, wala baridi, wala vidonge, wala chandarua. Sikoseli unaijua kuliko mimi, umeishi nayo ndani ya mifupa, mimi nimeishi nayo kwa macho. Nilikuwa nimeanza hapa chini kuandika "usisahau", nimekata. Umeona nilivyokata. Nimekata mara mbili ili nisirudie.

Nataka kuandika habari ya kabati la bafuni.

Tulipohamia nyumba hii, bafu likiwa ndani, nilijiona mke wa mkurugenzi. Lakini dawa zako bado zilikaa kwenye mfuko uliotundikwa msumarini, kama kule tulikotoka. Panya akautoboa, nikakuta vidonge sakafuni vimelowa vimekuwa uji. Nikamwambia baba yako tutengeneze kabati. Akasema, "Subiri tumalize kuvuna." Nikamwambia, "Kila mwaka tunamaliza kuvuna, kabati silioni." Basi nikachukua msumeno na patasi yake mwenyewe. Babu yako mzaa mama alikuwa anachonga nira na mipini ya majembe, nimekulia kwenye maranda. Patasi hainitishi.

Vioo ulivileta wewe. Vilikuwa vya yale madirisha ya zamani ya mapande mapande, ya kufungua kwa mkono. Ofisi moja mjini walikuwa wanayang'oa wanaweka ya alumini. Ulivifunga kwenye kanga ukavibeba kichwani, watu njiani wanakuuliza unauza nini. Ukasema shelfu za mbao bafuni zitaota ukungu, kioo unafuta tu. Nilifurahi. Nilijiambia mtoto huyu ana akili ya nyumba.

Nikachonga mifereji kwenye mbao za pembeni, huku na huku, nikaiziba mbele na nyuma ili kioo kisichomoke. Kioo kikaingia, lakini kikawa kinacheza kidogo. Sasa unajua sisi tulivyolelewa. Ukipakia pamba kwenye tela la ng'ombe, mzigo ukicheza utaumwaga njiani kabla hujafika kunakonunuliwa. Tangu niko mdogo naambiwa kaza. Ukisikia kinagonga, kaza. Nikachonga kabari, nikazipigilia mbele na nyuma ya kila kioo mpaka vyote vikanyamaza. Nikalitikisa kabati zima. Kimya. Nikamwita baba yako aje aone.

Akalizunguka, akaligonga kwa kidole. "Mama Limi, hili ni kabati au zizi?"

"Ni zizi. Ukichelewa kurudi nitakufungia humo."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu mwaka ule hukucheka sana.

Kosa nililofanya, mwanangu, ni la mtu aliyepaswa kujua. Mbao zilikuwa mbichi, nilizinunua zikiwa bado zinanukia utomvu. Na mimi ni mtoto wa mchonga mipini! Mpini ukiuchonga mbichi, jua likiupiga hunywea, jembe linachomoka. Nalijua hilo tangu sijaota meno ya mbele mara ya pili. Lakini nilikuwa na haraka ya kuziweka dawa zako mahali ambapo hakuna kitakachozifikia, na mtu mwenye haraka ya namna hiyo hasikii hata anachokijua. Mvua zikakatika. Mbao zikakauka, zikanywea, mifereji ikafupika, kioo kikawa hakina pa kwenda.

Jioni ile ulikuwa unaoga. Nikasikia mlio kama wa kuni kavu ikipasuka, halafu vitu vinaanguka, halafu kimya. Kimya ndicho kilichonikimbiza. Niliusukuma mlango nikakuta umesimama kwenye kona umejifunga kanga, vipande vimekuzunguka. Sikufikiri. Nikakubeba. Msichana mkubwa, umenizidi urefu, miguu yako inaburuta, mimi nakubeba kupita juu ya vioo. Wewe hukuwa na mchubuko hata mmoja. Mguu uliopasuka ulikuwa wangu.

Ukaniita kama ulivyokuwa ukiniita ulipokuwa mdogo. "Mayu, nishushe. Mayu, unachuruzika damu. Nishushe nikushike."

Sikukushusha mpaka ukumbini.

Uliponifunga mguu nikaanza kusema ni uzito, nimeweka chupa nyingi. Wewe uliviokota vipande ukavipanga mezani kama mtu anayeunganisha sahani. Ukanionyesha. "Vidonge vina uzito gani, mama? Tazama, ufa umeanzia hapa pembeni. Hapa ndipo kabari yako ilipokuwa. Umekibana."

"Nilikibana kisianguke."

"Na kimeanguka."

Hukucheka. Mwaka ule ndipo nilipokukataza chuo mara ya kwanza. Nafasi ilipotoka nilisema Tabora ni mbali, usiku ukikukamata maumivu nani atajua, kaa hapa ujifunze cherehani. Ukakaa. Hukubisha. Ulishona sare za watoto wa mtaa mzima na hukubisha, na mimi nikajidanganya kwamba mtu asiyebisha ameridhika.

Nataka nikurudishe nyuma kidogo. Unisamehe nikizunguka, ndivyo kichwa changu kilivyo nikiwa nimechoka.

Hujafikisha hata mwaka mikono yako ilivimba, vidole vikawa kama ndizi mbivu. Ulilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mtoto mwingine. Waganga wa huku walisema hivi, wa kule wakasema vile, mmoja akasema ni mizimu ya upande wa baba yako inadai jina. Tulizunguka sana kabla ya kwenda kupima damu. Siku tuliyoambiwa jina la ugonjwa, nilitoka pale nimekubana kifuani hivi, na nadhani mikono yangu haikulegea tena. Watoto wengine wakicheza mvuani, wewe uko ndani na masweta mawili. Shule ikienda matembezi, wewe umebaki. Ngoma zikija kushindana uwanjani, wewe unazisikia dirishani, kwa sababu kule kuna vumbi, kuna jua, kuna kusimama. Usiku nilikuwa naamka kukushika paji la uso. Najua ulikuwa unaamka. Ukaanza kulala umegeukia ukutani ili mkono wangu usikufikie vizuri.

Halafu ikaja siku ile ya darasa la saba. Mwalimu wako alikuleta hospitali kwa bodaboda, mimi nikaitwa kutoka shamba nikiwa na udongo mpaka magotini. Nikasimama nje ya pazia. Nesi alikuuliza, "Umeanza kuumwa lini?" Ukasema tangu siku nyingi. "Mbona hukusema nyumbani?" Nikakusikia, kwa ile sauti yako ndogo ya kuumwa: "Nikisema, mama halali. Anakaa tu ananitazama. Naumwa mimi, halafu na yeye naanza kumuuguza."

Sijawahi kukuambia kwamba nilisikia. Niliingia nikajifanya ndiyo kwanza nimefika. Lakini tangu siku ile nilijua kwamba ulitembea na maumivu kwenda shule na kurudi kwa kuniogopa mimi, si kwa kuyaogopa yenyewe. Na unajua nilifanya nini baada ya kujua? Nilikaza zaidi. Nilisema kama ananificha, basi nimchunguze vizuri. Ndivyo nilivyokuwa, mwanangu. Ukisikia kinagonga, kaza.

Turudi kwenye kabati.

Ulilibomoa lote. Nilikaa na mguu wangu uliofungwa nikikutazama, na ulinikataza kushika chochote. Mifereji yangu uliiacha kama ilivyo, hukuitumia tena. Ulichukua mpini wa jembe uliovunjika ukakata vijiti vinne kwa kila kioo, ukatoboa matundu yake kwenye mbao kwa msumari wa moto, moshi ukajaa ukumbi mzima. Ulikuwa na kipande kimoja cha ufito cha kupimia kimo. Nikauliza mbona unapimapima sana. Ukasema vijiti vyote vinne lazima viwe kimo kimoja, kimoja kikipanda kioo kitakalia vitatu, kitakuwa kinanesa, na siku moja kitapasuka bila kuguswa. Kile kioo kirefu ukakiongezea kijiti cha tano nyuma, katikati, kisije kikalemewa. Halafu kila kijiti ukakivalisha kipande cha tyubu ya baiskeli ili kioo kikalie kitu laini.

Baba yako alirudi akaenda moja kwa moja kwenye baiskeli yake. "Nani kakata tyubu yangu?"

"Ni ile ya zamani baba, yenye viraka."

"Viraka ndivyo vilivyokuwa vizima!"

Mwisho ukapima nafasi. Ulichukua kijiti cha kiberiti ukakipitisha kati ya kioo na mbao, kushoto, kulia, nyuma. Mbele uliweka ubao mwembamba wa kuzuia kioo kisiteleze, na hapo pia ukapitisha kijiti. Kikipita bila kusukumwa, unaridhika. Kikikwama, unatoa kioo unakwangua mbao. Nikashindwa kuvumilia.

"Limi, umekiacha hivyo kikianguka je?"

"Kitaangukia wapi, mama? Chini kimeshikwa. Pembeni kimeachwa."

Ukapanga chupa zilizojaa maji juu yake ukaziacha zilale hapo. Kesho yake ndipo ukaweka dawa. Mbao nazo zilikuwa zimeshakauka. Kioo hakijavunjika tena mpaka leo, unajua.

Isipokuwa mlango wa bafu ukifungwa, kioo kinagonga. Kidogo tu, ti, basi. Wewe husikii, baba yako hasikii. Mimi nikiwa uani nachambua mchicha nasikia. Nikaanza kuchomeka karatasi. Nilikuwa nakunja kipande kidogo nakisukumiza pembeni, nikidhani huoni. Unazitoa, naweka nyingine. Ukaniuliza, "Mama, mbona kioo umekivalisha soksi?"

"Kinapiga kelele."

"Kiache, hakiumwi."

Mara moja niliweka lile gamba la boksi, gumu, nikalisukuma kwa ncha ya kisu, na kioo kikamegeka kipande pembeni. Ulikitoa ukakisugua ukingo kwa jiwe, taratibu. Pengo lile bado lipo. Kila nikichukua sabuni naliona.

Mwaka huu ulipopata nafasi tena, baba yako ndiye aliyesema. Unamjua, si mtu wa maneno mengi. Alikuwa anamfunga yule dume mwekundu, akasema bila kugeuka, "Mama Limi, ng'ombe ukimfunga kamba fupi, anamaliza majani halafu anatafuna kamba." Nikamwambia Limi si ng'ombe. Akasema, "Ndiyo maana. Ng'ombe hatakulaumu." Nikaingia ndani nikabamiza mlango. Nikasema haya, aende, lakini nakwenda naye. Nikadhani nimelegeza. Kumbe nilikuwa nahamisha kabari kutoka hapa Bariadi kuipeleka Tabora.

Leo ulipoondoka kwenda Lalago niliingia bafuni kufagia. Umeshapakia. Shelfu yako ni tupu, kimebaki kile kitambaa chako cha kufutia na alama za makopo kwenye vumbi. Sijawahi kuiona tupu. Nikainama nikaitazama kwa chini, na kwa kuwa ni kioo nikaviona vijiti vyote na viatu vyao vya tyubu. Vidogo hivyo. Sijui kwa nini nilikuwa nadhani kinachobeba ni zile mbao za pembeni. Nilisimama pale mpaka mgongo ukaniuma, halafu nikaenda nyuma ya mlango nikachukua begi langu nikalifungua kitandani.

Nikatoa blanketi nililotaka kukufunika nalo. Nikatoa sufuria ya kukuchemshia maji ya kuoga, kana kwamba Tabora hakuna sufuria. Nikatoa vitenge vyangu, vingi, mtu angedhani nahama. Vyote nimevirudisha mahali pake.

Kesho sipandi basi.

Baba yako ndiye atakayekupeleka stendi. Mimi nitakuagia hapa mlangoni, na usishangae nikikuaga haraka haraka na kuingia ndani. Stendi siendi kwa sababu najijua: mlango wa basi ukiwa wazi nitapanda. Ukifika Shinyanga unabadilisha gari, na hapo nimetaka kuandika mambo, nimeyakata.

Usifikiri nimeacha kuogopa. Naogopa sana, Limi. Naogopa sasa hivi. Nimechoka kuogopa na bado naogopa, na sidhani kama itaisha, nadhani nitazikwa nayo. Lakini nimeona kuogopa kwangu hakujawahi kukupunguzia maumivu hata siku moja. Kulikufundisha kuyaficha tu.

Mama yako mdogo Holo yupo. Nimeongea naye, nimemwambia asije chuoni kukuchungulia, asubiri umwite. Alishangaa, akauliza, "Ni wewe dada unayesema?" Nikamwambia hata mimi nashangaa. Simu yangu itakuwa na chaji. Nilitaka kuandika kwamba nitakupigia Jumapili tu, nimeona nitakuwa mwongo. Nitajitahidi.

Na mimi nina ombi moja. Siku ukiumwa, uniambie umeumwa. Siku hiyo hiyo. Nitaanza kulia, hilo siwezi kukuahidi vinginevyo. Nipe muda kidogo nimalize, usikate simu. Nikimaliza nitanyamaza, nitakusikiliza, na sitakuja mpaka useme, "Mama, njoo." Ukisema hivyo, hata kama ni msimu wa kupanda, hata kama mvua imeziba barabara, utaniona. Usiposema, nitakaa hapa. Hiyo ndiyo itakuwa kazi yangu ngumu kuliko kung'oa mashina.

Barua hii nitaiweka kwenye begi lako, chini ya dawa, ili uikute ukipanga kabati lako huko. Sijui watakupa kabati la namna gani. Kama lina vioo, wewe mwenyewe utajua la kufanya.

Nasikia kengele za ng'ombe, baba yako anarudi. Maharage yameshika chini kidogo, mtayala hivyo hivyo. Katikati ya kuandika niliinuka kwenda kunawa, na nilipotoka nikafunga mlango wa bafu, kioo kikagonga. Nilikuwa na karatasi mkononi, ule ukurasa wa kwanza niliouharibu, nimeshaukunja mara nne bila kujua.

Nimeutia motoni, chini ya maharage.

Nenda salama, mwanangu.

Ni mimi mama yako, niliyebaki nyumbani.